Nyumba Ambayo Mzee wa Sala Hakuitaja

Kwanza mjue kwamba alikuwa na sauti mbaya. Watu wa mbali wakisikia habari za mzee aliyesalisha kwetu Endamarariek, hudhani alikuwa na sauti nzito ya kutikisa vifua. Wapi! Sauti yake ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, na katikati ya sala alikuwa anakohoa, anatema pembeni, kisha anaendelea pale alipoishia. Lakini akishaanza, hata walevi walinyamaza.

Sala yenyewe sisi Wairaqw, ambao wengine hutuita Wambulu, tunaiita slufay. Husaliwa kabla ya kupanda, kwenye harusi, na mtu anapohamia nyumba mpya. Mzee mmoja anatangulia na maneno, wengine wanaitikia kwa kuguna kila anapovuta pumzi. Wazee wengi huomba kwa jumla: mvua, ng'ombe, watoto, na magonjwa yashuke na maji yasirudi tena. Huyu wetu alikuwa na mtindo wake. Kwenye sala ya kupanda alipita kijiji kizima kwa mdomo, nyumba baada ya nyumba, kutoka juu mlimani mpaka chini korongoni, na kila nyumba aliitaja pamoja na shida yake. Mwaka niliofiwa na mume wangu alinitaja hivi: "Na yule mama mwenye mashine ya kusaga, mkanda wa mashine usikatike, na moyo wake usikatike." Nililia mbele za watu na sikuona aibu. Ukitajwa na mzee yule ulirudi nyumbani ukijua una watu.

Kwa hiyo tulimwita Mzee wa Sala, basi. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sitaliandika hapa. Wapo watu wa ofisini ambao hawakulijali alipokuwa hai, na sitaki walisome leo wakajifanya wanamkumbuka.

Msidhani alikuwa malaika. Ukimwomba jembe, alikuuliza la kwako lilikufa lini. Kuku wa jirani akiingia shambani mwake alimkamata, akamfunga mguu, akamrudisha mwenyewe kwa mwenye mali huku akimhutubia njia nzima, na aliyekuwa anahutubiwa ni kuku. Alivaa koti la suti la marehemu kaka yake, na kwenye mfuko wa ndani vilikaa pamoja kopo la ugoro na redio ndogo. Redio hiyo aliichukia. Alisema inaleta habari za kesho ili zikuharibie leo, lakini hata siku moja sikumwona ameizima. Ndiyo hiyo iliyomwambia, msimu baada ya msimu, kama mahindi yake ni yake au ni ya serikali.

Hapo lazima nieleze, na nikieleza nitakasirika, mnisamehe. Mwaka huu wanatangaza ruksa, uza popote, mkulima ni mfalme. Mwaka unaofuata mvua inapungua kidogo, wanatangaza marufuku: mahindi hayatoki wilayani bila kibali, yanayouzwa yauzwe kituoni kwa wanunuzi wanaotambulika, na yanayoelekea upande wa mpakani yatafutiwe kibali kingine juu ya kile cha kwanza. Mbaazi nazo tukaambiwa ni lazima ziende ghalani zikasubiri mnada. Aliyelima, akapalilia, akakimbizana na nguruwe pori, ndiye wa mwisho kuulizwa. Mzee wa Sala alikuwa na neno lake kwa jambo hili, na alilirudia mpaka wajukuu wakalijua: "Mtu akishakuchagulia wa kumuuzia, huyo ameshakununua wewe."

Yeye wa kwake wa kumuuzia alimchagua mwenyewe, zamani, wakiwa vijana. Alikuwa Mmasai wa Soitsambu, kule Loliondo, upande wa pili kabisa wa Ngorongoro, safari ya lori ya kutwa nzima na vumbi lake. Walikutana kwenye mnada wa ng'ombe Karatu. Waligombea dume moja mpaka wakashikana mashati, na walipokuwa bado wameshikana, dume likanunuliwa na mtu wa tatu. Wakaachiana, wakatazamana, wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo, baada ya mavuno mahindi yalipanda Soitsambu, na baada ya mvua ndama au mbuzi walishuka Endamarariek. Hakuna fedha iliyopita kati yao. Wamasai wana desturi moja ambayo naipenda: watu waliopeana ng'ombe huacha kuitana kwa majina, huitana Pakiteng, kwa ajili ya huyo ng'ombe. Basi hawa wawili walizeeka wakiitana Pakiteng, na mke wa Mzee wa Sala alisema hajawahi kumsikia mume wake akilitamka jina la yule Mmasai.

Kwa ajili ya rafiki huyo alikuwa na kipande cha shamba ambacho hakukichanganya na kingine. Alipanda mahindi mekundu, mbegu aliyoachiwa na mama yake, punje nyekundu inayokaribia weusi. Sisi wengine tulihamia mbegu za pakiti siku nyingi, maana zinazaa zaidi. Yeye alisema nyumba ya Pakiteng imeshayazoea, yanakaa tumboni mpaka jioni. Eneo lote hili hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mimi nina mashine ya kusaga, nafaka ya watu wote inapita mbele ya macho yangu, na nasema hakuna.

Sasa niwaambie siku ya kizuizi. Mwaka ule mvua ilikatika Loliondo mapema. Pakiteng, kwa kuwa nyasi zilikuwa zinaisha, alitanguliza ng'ombe wake kabla ya mavuno. Wachungaji walishusha dume jekundu lenye baka jeupe begani, pamoja na ujumbe kwamba mahindi yakiwa tayari yapandishwe haraka, nyumba ina watoto wengi na maziwa yamepungua. Mzee alivuna, akapukuchua, akapakia mavuno yote mekundu kwenye lori, akapanda na yeye. Mimi nilikuwa nakwenda Wasso kwa mdogo wangu anayefanya kazi hospitali, alikuwa amejifungua, kwa hiyo nilikaa katikati yake na dereva, ugoro wake ukinipalia.

"Mzee," dereva alisema tulipokaribia kizuizi cha mazao, "wakikuuliza, sema unapeleka msaada kwa ndugu. Chakula cha ndugu huwa wanakiachia. Ukisema biashara watataka kibali."

"Kibali nimekifuata wilayani. Wameniambia anayesaini yuko semina."

"Ndiyo maana nakwambia useme msaada."

Mzee alivuta ugoro.

Mkubwa wa kizuizi hakuwa mgeni kwetu. Alitoka mkoa mwingine, lakini alioa binti wa Endamarariek, akapewa shamba na baba mkwe, akawa jirani. Harusi yake ilisaliwa na Mzee huyu huyu, na kila sala ya kupanda nyumba yake ilitajwa kama zetu. Nilipomwona anakuja nilipumua. Nikasema moyoni, afadhali, tumekutana na mtu wetu. Ujinga wangu!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Umepakia nini?"

"Mahindi."

"Yanakwenda wapi?"

"Soitsambu."

Yule bwana akacheka, akawageukia vijana wake wa kizuizi. "Mzee anawapelekea Wamasai msaada wa njaa. Siku hizi wanaomba mpaka kwa Wambulu!"

Vijana nao wakacheka, si bosi amecheka. Ninaamini mpaka leo kwamba bila kicheko kile Mzee angenyamaza na tungepita. Alifungua mlango akashuka, polepole, akashikilia mlango mpaka miguu ikakaa sawa.

"Siyo msaada," alisema. "Mwenzangu amenipa dume la ng'ombe, na mimi nampelekea mahindi. Tunauziana."

"Kwa hiyo unauza."

"Nauza."

"Mzee, fikiri vizuri. Nakuuliza mara ya mwisho. Unauza, au unasaidia ndugu?"

"Nauza. Na kibali sina."

Dereva alifunika uso kwa viganja. Mimi nikapiga kelele kutoka garini, "Mzee, jamani!" Akanigeukia mimi, siyo yule bwana. "Mwanangu, nikisema msaada, nimemwita mwenzangu ombaomba mbele ya hawa. Halafu yule ng'ombe wake atakuwa amelipia nini?"

Mtu mwingine yeyote angesema uongo ule mdogo na kuendelea na safari, na mimi ningekuwa wa kwanza. Yeye alikuwa na mtu mmoja duniani ambaye hakutaka kumshusha hata kwa neno. Wakamshushia magunia. Yule bwana alisimama akiwaelekeza, mikono kiunoni, akasema, "Sheria ni msumeno, mzee, inakata mbele na nyuma." Nimeishi miaka mingi chini ya msumeno huo. Kukata huku kwetu nimekuona, kule kwao bado nasubiri.

Mzee hakurudi nyumbani. Alipanda tena garini akaenda Soitsambu mikono mitupu, ili habari ile Pakiteng aisikie kutoka kinywani mwake. Nilimkuta baadaye stendi ya Wasso akisubiri basi la kurudi. Aliniambia kwamba mke wa Pakiteng alikuwa ameshafagia mahali pa kuweka mahindi. Pakiteng hakulaumu. Alimpa maziwa, na maziwa yenyewe yalikuwa kidogo, na watoto walisimama wakimtazama anavyokunywa. "Nimekunywa," Mzee aliniambia. "Ningekataa ningemtukana. Nimekunywa maziwa ya watoto." Kiangazi hicho, mdogo wangu akaniambia kwa simu, mzee wa Soitsambu alionekana mnadani Wasso akiuza mitamba yake kwa bei ya kutupa, apate kununua mahindi ya dukani. Mfugaji akiuza mitamba amekula mpaka ng'ombe wa kesho.

Tuliambiwa mahindi yaliyoshikwa yatauzwa kwa mnada wa hadhara. Mzee alikwenda kuuliza mnada ni lini, akaambiwa asubiri tangazo. Akaenda tena. Tangazo halikubandikwa popote.

Tangazo nililipata mimi, mashineni kwangu, asubuhi ya siku ya gulio. Foleni ilikuwa ndefu. Mke wa yule bwana alifika na debe lake kichwani, akasalimia vizuri kama kawaida yake, akasubiri zamu, kisha akamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine. Yalikuwa mekundu. Wanawake wote waliokuwa kwenye foleni waliyaona, wakageuka.

"Umeyatoa wapi haya?" nilimuuliza.

"Kaleta baba watoto. Mbona mnanitazama?"

Bibi mmoja mwenye kitambaa cha kanisani alimjibu, "Hatukutazami wewe, mama. Tunatazama mahindi."

Nikayasaga, sikumfukuza. Unga ulitoka na wekundu kwa mbali. Yule mama alikuwa ameshaelewa kabla debe halijajaa, na kitenge kikamwanguka begani asikiokote. Mimi nikafunga mashine, nikawaacha wateja, nikapanda mpaka kwa Mzee na kumwambia nilichokiona. Nilitaka apige kelele. Nilitaka achukue fimbo tuongozane. Aliendelea kupukuchua mbaazi, akauliza kama unga ulikuwa laini.

Majibu tuliyapata kwenye sala ya kupanda. Tulikusanyika kama kila mwaka, na yule bwana alikuwepo na familia yake, amevaa shati jeupe. Mzee akaanza juu mlimani. Akashuka na nyumba zake, huyu mgongo wake, huyu mtoto wake asiyesikia, huyu ng'ombe wake anayezaa wafu. Tukaguna. Akafika kwa jirani wa kushoto wa yule bwana, akamwombea. Akakohoa, akatema, akaenda kwa jirani wa kulia. Mguno wetu ulikatika katikati. Mzee akasubiri, akatutazama mmoja mmoja, mpaka tukaguna vizuri. Kisha akaendelea kushuka korongoni, na nyumba ile haikuwepo duniani.

Nilifurahi. Niseme tu ukweli, nilifurahi mpaka nikahisi joto tumboni, na niliporudi nyumbani nilipika nyama.

Yule bwana alicheka mwanzoni. Alisema yeye ni msomi na hana shida na maneno ya wazee. Lakini kwetu mtu asiyetajwa, nani atajipeleka kumsaidia? Wakati wa kupalilia aliita watu wa kiwalo, ile kazi ya kusaidiana shambani, hakwenda mtu, kila mmoja alikuwa na udhuru wake mzuri na wa heshima. Upepo ulipoezua bati za zizi lake, tulipita njiani tukampa pole na kuendelea. Alikwenda kumshtaki Mzee kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti, mtu mwoga kuliko wote niliowahi kuwafahamu, siku hiyo Mungu alimpa ulimi. Alimuuliza, "Nimwandikie kosa gani, bwana mkubwa? Kutokuombea?"

Akaenda kwa padri. Mzee alikuwa Mkatoliki wa benchi la mbele, hakukosa misa, na padri akamwita akamkumbusha kusamehe saba mara sabini. Mzee alisikiliza kwa unyenyekevu, kofia mkononi. "Padri, mimi sijamlaani mtu," alijibu. "Nikifika pale nasahau tu. Ni uzee." Huyu ndiye mzee aliyekumbuka kila jiwe la mpaka wa kila shamba, na nani alilisogeza, na kwa kiasi gani.

Na kilichomuuma yule bwana zaidi ni kwamba Mzee aliombea kila mtu. Aliombea wezi wa kuku. Mwenye loji moja ya Karatu alimwalika akasalishe mbele ya wazungu, ile wanayoita kalcha turizimu, na Mzee akaenda na koti lake, akawaombea wageni wale kwa muda mrefu: meno yao, mama zao waliowaacha kwao, ndege yao isianguke. Alipomaliza, mwongoza watalii akatafsiri, "Anasema karibuni sana." Wazungu wakapiga makofi. Habari ilipofika Endamarariek, mke wa yule bwana alisema kwa uchungu kwamba hata wageni wa siku moja wametajwa.

Huyo mama namwonea huruma, nisije nikaonekana sina moyo. Mume wake alijenga nyumba nzuri ya tofali za saruji, bati la bluu, madirisha ya vioo vya kusukuma. Ikakamilika. Mama akakataa kuhamia. Alisema hatalaza watoto kwenye nyumba ambayo haijasaliwa, na wazee wengine walipoombwa kuja kuisalia walisema wanamsubiri mwenzao aanze. Nyumba ikakaa imefungwa, pazia ndani, na familia ikaendelea kulala kwenye ile ya zamani ya udongo, hatua chache pembeni. Kila nilipopita pale nilipunguza mwendo ili niitazame vizuri. Mama alikuja kumpigia Mzee magoti, mimi nikiwepo. Mzee alimwinua, akampa kiti, akamwita "binti yangu," akamwomba mke wake amletee chai. Alimuuliza habari za mguu wa mama yake. Chai ikaisha na hakuna lililosemwa.

Nilimuuliza siku moja kama hachoki. Alikuwa amesimama zizini akilitazama lile dume la Soitsambu, ambalo hakulichinja, hakulifunga jembe, wala hakuliuza. Lilinenepa bure, likapiga ng'ombe wa watu, likazeeka. "Ng'ombe huyu hajalipiwa," alisema. "Nikimla nimekula wizi, kama wao. Kila asubuhi nikimfungulia ananikumbusha. Kuchoka nitachokea wapi?" Nikamwambia, basi usichoke. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka habari mpya za nyumba ile, nani kakataa kwenda kuwavunia, nani kawapita njiani. Aliniita mara mbili tatu mwanangu wa masikio, na niliona fahari.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa kiangazi kilichopita. Miguu yake ilikuwa imevimba, amelala kwenye kitanda cha kamba mlangoni apate jua, koti limewekwa juu ya blanketi. Nilimpelekea unga wa uji. Redio ilikuwa inasema mahindi yameruhusiwa tena, mkulima auze popote anapotaka, hata nje ya nchi. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshika mgongo. Kilipotulia alinishika mkono.

"Pakiteng aliwahi kuja mnadani," alisema. "Mwaka uliofuata ule wa mahindi. Hukumwona, alilala hapa usiku mmoja akarudi."

"Alikuja kudai?"

"Alikuja kuniambia ameachilia. Alisema, yule bwana mtaje, ana watoto wadogo, na mke wake ni binti yenu. Akasema mitamba imekwenda, haitarudi kwa kumnyima mtu sala."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimpa mkono. Nikamwambia nitamtaja."

Nilihesabu misimu kimya kimya, nikaacha. Pakiteng alikuwa ameshafariki, habari zake tulizipata kutoka Wasso kabla ya mvua za mwisho. Alikufa akijua rafiki yake ametimiza.

"Kila msimu nilikwenda na nia," Mzee aliendelea. "Nikifika pale kwao mdomo unaruka. Niliona raha, ilikuwa tamu. Aliyenyang'anywa chakula ameachilia, mimi wa kubeba tu nimeng'ang'ania. Sasa nakwenda kukutana naye, na ataniuliza."

Kisha akafumba macho na kuanza kusali. Sauti ilikuwa imebaki nyuzi tupu. Hakuanza mlimani safari hii. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile nyumba ya bati la bluu: mlango wake ufunguke, waingie na watoto wao, yule binti alale usingizi, mume wake asamehewe alichokula, watu warudi kumsaidia. Alipovuta pumzi alifumbua jicho moja akanitazama. Slufay isiyoitikiwa haijakamilika, na pale alikuwepo mtu mmoja tu wa kuitikia. Nikaguna. Akavuta pumzi nyingine, nikaguna tena, mpaka akamaliza.

"Nenda ukamwambie yule binti," alisema. "Mwambie nimewataja leo, na wewe umeitikia. Wahamie."

Nikamwambia nitakwenda.

Tulimzika wiki ile. Anayesalisha sasa ni mzee mwingine, mtu mwema, anaomba kwa jumla, mvua na ng'ombe na watoto, hataji nyumba ya mtu. Watu wamekubali kwamba aliyeachwa ameachwa, maana mwenye kumtaja amekwenda.

Baada ya msiba kwisha yule mama alikuja mashineni. Mume wake alimleta kwa pikipiki, akabaki barabarani, injini ikinguruma. Amepandishwa cheo. Siku hizi hasimami kizuizini, amepewa funguo za ghala ambako mbaazi zetu zinasubiri mnada. Amenenepa. Alipiga honi, mke wake akashtuka, akaongea haraka.

"Mama, nasikia wewe ulikuwa naye siku za mwisho. Nyumba yangu aliitaja?"

Nilimtazama. Hajawahi kunikosea kwa lolote. Kitenge chake kilikuwa kimepauka, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye amesubiri kwa miaka mlango wa nyumba yake mwenyewe. Neno la Mzee lilikuwa mdomoni mwangu, zima kama nilivyopewa. Pale nyuma yake mume akapiga honi tena, akaonyesha saa mkononi, akacheka na kijana aliyekuwa anapita. Kilikuwa kicheko kile kile.

"Hakuitaja," nikamwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwambia ukweli.